Umebanwa na haja katikati ya Istanbul? Vyoo viko wapi na vinatumikaje

Watu wanaokwenda Istanbul kufuata mzigo wanauliza vitu vingi kabla ya safari, hoteli ya bei nafuu iko wapi, kago gani haichelewi, magauni mazuri yako mtaa gani Laleli, ila swali la choo hakuna anayeuliza mpaka ajikute yuko katikati ya mtaa na mifuko miwili mkononi, hoteli iko mbali na kibofu kimejaa. Kinachoniuma zaidi ni mama zetu na dada zetu ambao wakishaona hawajui choo kiko wapi wanaamua tu kutokunywa maji toka asubuhi mpaka jioni, wanazunguka madukani kutwa nzima na kiu, mkojo wanaubana masaa na masaa, wakirudi Dar ni kutafuta dawa za UTI. Jamani hakuna sababu ya kujitesa hivyo. Ule mji una vyoo vingi, tena vya maji kama tulivyozoea sisi, ni kujua tu pa kuangalia. Na hii haiwahusu wafanyabiashara peke yao, hata kama unaenda kutembea au una masaa kumi ya kusubiri ndege nyingine na umeamua kutoka uone mji, soma.

Kitu cha kwanza kabisa, acha kutafuta kibao cha choo, tafuta mnara wa msikiti. Mji wa zamani ule, yani Sultanahmet, Eminönü, Beyazıt, Laleli mpaka Aksaray, ukisimama karibu popote ukainua macho utaona mnara, na karibu kila msikiti mkubwa una vyoo kwasababu watu lazima watawadhe kabla ya kuswali, kwahiyo choo na sehemu ya kutawadhia vinakwenda pamoja. Vyoo vyenyewe haviko ndani ya msikiti, viko nje, pembeni ya uwanja au chini ya ardhi unashuka ngazi, kwahiyo hata kama wewe ni Mkristo, umevaa suruali na kichwa kiko wazi, hakuna atakayekuuliza maana huingii sehemu ya kuswalia. Ingia uwanjani kwa heshima, angalia kibao cha WC au Tuvalet chenye mshale, fuata. Usichanganye na yale mabomba yaliyopangwa mstari yenye vigoda vya mawe mbele yake, pale ni pa kutawadha tu, choo hakiko mbali na hapo.

Kwenye simu nako kuna namna yake. Ukifungua ramani usiandike kwa Kiingereza, andika "tuvalet" au "cami", hiyo ya pili ndo msikiti na inasomwa jami, utaletewa vitu vingi zaidi maana wenyeji wameviandika kwa lugha yao. Pakua ramani ya mji kabla hujaondoka hotelini kwasababu intaneti ikikata wakati umebanwa utajuta.

Sasa malipo. Vyoo vingine ni bure, vingine unalipa hela ndogo, na bei sikuandikii hapa kwasababu lira inapanda na kushuka kila siku na utakachosoma leo mwezi ujao sio chenyewe. Kwenye vya kulipia utakuta mtu kakaa na meza mlangoni, au utakuta kigeti cha kuzunguka kinachotaka sarafu au kadi. Kwahiyo mfukoni usikose sarafu za lira 1 na lira 5, kila ukinunua maji au mkate ukirudishiwa chenji ziweke pembeni hizo, zisichanganyike na dola zako. Alafu nunua ile kadi ya Istanbulkart siku ya kwanza kabisa, mashine zake ziko uwanja wa ndege na kwenye vituo vya treni na tramu, ile treni ndogo ya mjini inayopita barabarani. Kadi hiyo unapandia tramu, metro yani treni ya chini ya ardhi, basi na boti, na vyoo vingi vya manispaa ya jiji vinaikubali pia, unagusa pale getini kama unavyopanda tramu, kigeti kinafunguka. Wengi wanaitumia miaka na hawajui kama inafungua na choo.

Ukishaingia ndani utakutana na aina mbili. Ya kwanza ni ya kuchuchumaa, hii wala haihitaji maelezo kwa mtu aliyekulia kwetu, na pembeni chini kuna bomba dogo na kopo la plastiki, ndio, kopo, kama nyumbani. Ya pili ni ya kukaa, na hii ndo inawachanganya watu maana hawaoni mpira wa maji pembeni wanadhani hakuna maji. Maji yapo. Angalia ndani ya bakuli kwa nyuma, chini kidogo ya ukingo, kuna kabomba kembamba kamechomoza, alafu ukutani au pembeni ya choo kuna koki ndogo. Ukimaliza haja bado umekaa, unaifungua ile koki taratibu sana, maji yanakuja yenyewe pale pale panapotakiwa. Nasema taratibu kwasababu zingine zina presha kali, na mwezi wa kwanza au wa pili maji yake ni ya baridi haswa. Ukishafunga koki unajikausha na tishu na tishu hiyo unaitupa kwenye ndoo iliyo pembeni, usiitupe ndani ya choo, majengo mengi ya zamani mabomba yake hayawezi, na mara nyingi kuna karatasi ukutani inayokataza. Tishu yenyewe beba ya kwako, hizi za pakiti ndogo, maana ikiisha kule ndani hakuna wa kumwita.

Kwa wanaokwenda na hela taslimu, na tunajua wengi wetu tunabeba dola, hapa naomba mnisikilize vizuri. Choo cha kuchuchumaa na simu kwenye mfuko wa nyuma wa suruali havipatani, na ule mkoba wa kiunoni ukiulegeza unaweza kuteleza ukaenda nao. Kabla hujachuchumaa hamisha kila kitu, pasi, hela, simu, weka kwenye hendibegi ya kuvaa shingoni, ivute ikae kifuani. Milango mingi ina kigingi cha kutundikia kwa ndani, tundika koti. Kama hakuna na umevaa koti refu la baridi, kunja ule upande wa chini ulete mbele ufunge kiunoni maana sakafu huwa ina maji, na suruali pandisha pindo kabla hujaingia sio ukiwa tayari ndani. Mzigo mkubwa usimuachie mtu usiyemjua mlangoni hata akiwa na sura ya upole kiasi gani, nendeni wawili, mmoja anaingia mmoja anashika. Kama uko peke yako acha mzigo kwenye duka ulilonunulia, mwambie muuzaji unarudi, wamezoea hilo.

Njia rahisi ya kukumbuka vyoo viko wapi ni kufuata tramu ya T1 maana inapita karibu kila sehemu tunayokwenda. Chukua mfano unashuka Sultanahmet. Pale uko kati ya Aya Sofia na Msikiti wa Bluu, vyoo vipo vya Msikiti wa Bluu wenyewe na vipo vya umma eneo la uwanja, ila foleni ya watalii upande wa wanawake inaweza kuwa ndefu sana kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni. Kama umekata tiketi ya jumba la Topkapı tumia vya mle ndani kabla hujatoka. Ukiona foleni ya uwanjani haisogei teremka kituo kimoja mpaka bustani ya Gülhane, ni mwendo mfupi na kuna nafasi zaidi, unapumzika na kivulini.

Ukienda upande mwingine unakuja kituo cha Beyazıt ambacho ndo cha Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa. Soko lina maduka zaidi ya elfu tatu na vichochoro vingi, ukiwa katikati mnara huuoni, kwahiyo mle ndani ndo sehemu pekee ambayo unafuata vibao vya WC vilivyotundikwa juu kwenye makutano ya vichochoro. Vipo ila ni vya kutafuta, kwahiyo mimi ushauri wangu ni ujisaidie kabla hujaingia: mlango mmoja uko jirani na msikiti wa Beyazıt ambao uko pale tangu 1506, na mlango wa upande wa pili unatokea kwenye msikiti wa Nuruosmaniye. Ingilia mmoja tokea mwingine, unakuwa na choo mwanzo na mwisho. Na kumbuka Jumapili soko lote linafungwa, na vyoo vyake navyo vinafungwa.

Kutoka hapo watu wengi wanateremka Mahmutpaşa kwa miguu mpaka Eminönü, ule mtaa wa nguo za watoto, za harusi na mataulo. Mtaa una mteremko, umejaa watu bega kwa bega, na ukishaingia katikati kurudi juu ni kazi. Usianze kuteremka ukiwa na dalili yoyote. Nenda Nuruosmaniye kwanza, teremka, ukifika chini Eminönü kuna msikiti mkubwa unaoitwa Yeni Cami mbele ya soko la viungo, pale unajisaidia tena. Hizo mbili zinatosha kabisa kwa safari ile.

Laleli na Aksaray ndo nyumbani kwa wafanyabiashara wetu na hapa mambo ni tofauti kidogo. Msikiti wa Laleli uko juu kidogo ya barabara ya tramu, unapanda ngazi, huo ndo wa kuanzia. Lakini choo cha karibu zaidi mara nyingi kiko kwenye jengo lile lile unalonunulia. Maduka mengi yako kwenye majengo ya ghorofa na choo kiko mwisho wa korido au chini kabisa, wanakitumia wenye maduka wote na kinaweza kuwa kimefungwa kwa ufunguo. Ufunguo anao muuzaji. Ukishakaa dukani, mmeanza kuongea bei na kuhesabu seri, yani zile seti za saizi zinazouzwa pamoja, omba bila aibu, hakuna atakayemkatalia mteja. Na utakuwa unauhitaji, kwasababu kila duka wanakukaribisha chai, ile ya kwenye bilauri ndogo, na mkienda maduka sita ni bilauri sita, na chai ile haikai tumboni. Kukataa sio vibaya, ila mi nasema kunywa, ni ukarimu wao na ni maji mwilini, wewe hakikisha tu kila ukitoka duka lenye choo hujaondoka bila kukitumia.

Osmanbey kwa wale wa nguo za bei ya juu misikiti haijabanana kama mji wa zamani. Pale panda metro ya M2 kituo kimoja tu mpaka Şişli, unatokea kwenye mol ya Cevahir, choo ni bure, kisafi, kuna chumba cha kubadilishia mtoto na chumba cha kuswalia. Kwa ujumla mol zote Istanbul vyoo ni bure, na wanaziandika AVM kwenye vibao na ramani kwahiyo ukiona herufi hizo ujue umefika. Mlangoni kuna ukaguzi, begi linapita kwenye mashine, kama umebeba mizigo mingi hesabia na huo muda.

Taksim na ule mtaa mrefu wa İstiklal ndo panasumbua, watu ni wengi, maduka hayana vyoo vya wateja, na baadhi ya migahawa choo kinafunguka kwa namba iliyo kwenye risiti. Pale mwanzoni kabisa uwanjani Taksim kuna msikiti mpya mkubwa uliofunguliwa 2021, tumia huo kabla hujaanza kuteremka mtaa, na ukishateremka kidogo kuna msikiti mdogo wa Ağa, uko kulia ukitokea Taksim, wengi wanaupita bila kuuona. Ukikwama kabisa ingia mgahawa, nunua maji au chai, usiombe choo kabla hujanunua kitu.

Boti za abiria zinazovuka kwenda Kadıköy na Üsküdar zina vyoo ndani, na kuvuka ni kama dakika ishirini, kwahiyo ukiwa Eminönü na unakwenda huko usihangaike kutafuta, panda boti. Basi za mjini, tramu na metro zenyewe hazina. Hapa ndo naogopa foleni za magari, jioni basi linaweza kukaa barabarani saa zima na zaidi, kwahiyo kabla ya kupanda basi lolote la mbali, hasa la kwenda uwanja wa ndege, jisaidie hata kama hujisikii.

Kwenye milango kuna maneno machache ya kukariri. Bay ni wanaume na Bayan ni wanawake, kwa haraka yanafanana, kwahiyo soma mpaka herufi ya mwisho. Sehemu zingine wanaandika Erkek kwa wanaume na Kadın kwa wanawake. Dolu maana yake kuna mtu, Boş ni wazi. Kuuliza ni "tuvalet nerede?", yani choo kiko wapi, inasomwa kama ilivyoandikwa, na kwenye mgahawa ni adabu zaidi kusema "lavabo nerede?". Watakujibu kwa mkono, ila ukisikia aşağıda ni chini, ukisikia yukarıda ni juu. Na kuna jambo limewahi kuwakwaza watu wetu: ukimuuliza mtu akanyanyua nyusi, akarudisha kichwa nyuma kidogo na kutoa kasauti ka ulimi "ntch", usidhani kakusonya. Kwao ile ni hapana tu, au hakuna, hana ubaya wowote na wewe. Mshukuru uulize mwingine.

Wakati nao unahusika. Ijumaa mchana, kuanzia kama saa sita na nusu ya saa zetu, misikiti inajaa na vyoo vya wanaume vinakuwa na foleni mpaka nje, jipange kabla ya hapo au subiri watu waingie kwenye swala. Usiku baada ya Isha misikiti mingi midogo inafunga vyoo. Hapo zimebaki hoteli na migahawa inayokesha, na Aksaray ipo mingi. Hoteli ingia mapokezi, salimia, omba ukiwa umetulia, usipite moja kwa moja kama unakimbia, wanakubali mara nyingi hasa wakikuona ni mgeni.

Kwa mwenye mimba, mwenye sukari, mzee au mwenye mtoto mdogo, msisubiri mpaka mbanwe, kila mkipita msikiti au mol ingieni, na mtoto muulizeni kila saa. Choo cha mtu mwenye ulemavu kinaandikwa Engelli, mara nyingine kimefungwa, ufunguo anao yule anayekaa mlangoni. Vyoo vingi vya chini ya ardhi ni ngazi tupu, kwahiyo kama magoti hayaruhusu elekea kwenye mol, huko kuna lifti. Dada zangu pedi bebeni za kutosha kwenye begi la kila siku, vyooni hawauzi, za kutumika zifunge kwenye mfuko utie ndooni, na wakati wa baridi kali msiache kunywa maji, mwili unakojoa zaidi kwenye baridi na watu wanakosea hapo, wanapunguza maji badala ya kupanga vituo.

Na ikitokea tumbo limeharibika, maana chakula kigeni na uchovu vinaweza, siku hiyo usiende Mahmutpaşa wala usipande basi. Kaa maeneo ya mol au karibu na hoteli, tafuta duka la dawa, linaandikwa Eczane na lina herufi E nyekundu nje, yapo kila mtaa na usiku kuna la zamu, jina lake linabandikwa kwenye mlango wa yale yaliyofungwa. Shika tumbo uoneshe, watakuelewa, na ukipewa dawa omba na chumvichumvi za kuchanganya kwenye maji.